CDK9: Kimeng'enya cha mwili wako ambacho VVU hukiteka ili vizaliane

Mtu anayemeza ARV vizuri anaweza kupima na kuambiwa virusi havionekani kwenye damu. Akiacha dawa, mara nyingi ndani ya wiki chache tu vinakuwa vimerudi. Sasa muda wote huo vilikuwa wapi?

Vilikuwa vimelala ndani ya seli zake za kinga. Na ili viamke, vinahitaji msaada wa kimeng'enya cha mwili wake mwenyewe, kinachoitwa CDK9.

CDK ni kitu gani?

Ni kifupi cha jina la familia ya vimeng'enya: kinasi zinazotegemea saiklini. Kinasi ni protini inayobandika fosfati kwenye protini nyingine. Kubandikwa huko ni kama swichi, kunaweza kuiwasha protini, kuizima au kuibadilishia kazi. Saiklini ni mwenza wake. Bila saiklini, CDK ipo tu, haina kazi.

Saiklini iligunduliwa mwaka 1982 na Mwingereza Tim Hunt, aliyekuwa akichunguza mayai ya kiumbe wa baharini mwenye miba kama nungunungu. Aliona protini moja inajaa kabla yai halijagawanyika, kisha inapotea ghafla, halafu inaanza kujaa tena. Mwaka 2001 yeye, Paul Nurse na Leland Hartwell walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Ndiyo maana CDK zinajulikana zaidi kwa kazi ya kugawanya seli. Dawa ya palbociclib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa aina mojawapo ya saratani ya matiti iliyosambaa, inazuia CDK4 na CDK6 ili seli za saratani zisiendelee kugawanyika.

Ila wapo ndugu wengine kwenye familia hiyo ambao kazi yao kubwa ni tofauti. Wao wanasimamia unukuzi wa jeni. CDK9 ni mmoja wao.

Mashine inayosimama njiani

Jeni ni maelekezo yaliyohifadhiwa kwenye DNA. Ili mwili uyatumie, lazima kwanza yanakiliwe kuwa RNA, na kutokana na nakala hiyo ndipo protini hutengenezwa. Mashine inayonakili inaitwa RNA polimerasi ya pili. Ina mkia mrefu: mfuatano wa asidi amino saba ambao kwa binadamu unajirudia mara 52. Kwenye mkia huo ndipo CDK hubandika fosfati.

CDK7 inaanza, mashine inaondoka. Lakini kwenye jeni nyingi haifiki mbali. Ikishanakili herufi chache tu inasimama, kwa sababu kuna protini zinazoishika kama breki.

Fikiria daladala: abiria wamejaa, injini inanguruma, dereva anasubiri konda agonge bodi. Konda hapa ni CDK9, akiwa na mwenzake saiklini T1. Anabandika fosfati kwenye mkia wa mashine, anabandika na kwenye breki zenyewe, na unukuzi unaendelea hadi mwisho wa jeni.

VVU vinamteka konda

VVU vikiingia kwenye seli ya kinga, vinapachika jeni zao ndani ya DNA ya seli hiyo. Kuanzia hapo vinategemea mashine ile ile, na vinakutana na breki zile zile.

Kwa hiyo vina ujanja wao. Vinatengeneza protini ndogo inayoitwa Tat. Mwanzoni mwa kila nakala ya RNA ya virusi kuna kipande kilichojikunja kama kibanio cha nywele. Tat inakishika kipande hicho, na wakati huo huo inamshika saiklini T1. Maana yake inamvuta konda mpaka kwenye daladala lake. Breki zinaachia, nakala zinatoka kwa wingi, Tat nayo inaongezeka, inavuta CDK9 zaidi.

Kwenye seli iliyotulia mambo ni tofauti. Saiklini T1 ni chache, na sehemu ya CDK9 imefungiwa na protini nyingine. Virusi vinabaki kimya kama maandishi tu kwenye DNA. Kinga haivioni kwa sababu hakuna protini ya kirusi ya kuitambua. ARV nazo haziwezi kuvifuta: zinazotumika leo huzuia hatua nyingine, kama virusi kuingia kwenye seli, kugeuza RNA yao kuwa DNA, kujipachika au kukomaa. Hakuna inayozima unukuzi wenyewe. Siku seli hiyo ikiamshwa na mgonjwa hamezi dawa, moto unawaka upya.

Kwa nini CDK9 isizimwe tu?

Kwa sababu karibu kila seli yako inaihitaji. Ukimfunga konda, magari yote yanasimama, si lile la virusi pekee.

Kwenye saratani ya damu, udhaifu huo umegeuzwa kuwa silaha. Baadhi ya seli za saratani huishi kwa kutegemea protini ya MCL-1, ambayo haidumu na lazima itengenezwe kila mara. Zima CDK9, MCL-1 inaisha haraka, seli inakufa. Dawa ya alvocidib ilijaribiwa kwa njia hii. Kwa wagonjwa wengine ilifanya kazi kupita kiasi: seli za saratani zilikufa nyingi kwa mpigo, mabaki yake yakalemea figo, ikabidi wasafishwe damu kwa mashine. Hiyo si dawa ya kumpa mtu mwenye VVU ambaye ana afya na anaendelea na maisha yake.

Kwa VVU, njia inayoonekana ya busara zaidi ni kumwacha konda na kuidhibiti Tat. Watafiti wamejaribu kemikali iitwayo didehidro-kortistatini A, iliyobuniwa kutokana na kemikali ya sifongo wa baharini, ambayo inaishika Tat isifanye kazi. Kwa panya waliopandikizwa seli za kinga za binadamu, walipoachishwa ARV virusi vilichelewa kurudi. Vilirudi hata hivyo, na kemikali hiyo bado haijawa dawa ya binadamu.