Safari ya Kurudi Enzi za Dinosaria
Cesta do pravěku, Chekoslovakia, 1955

Wavulana wanne wanaingia pangoni kwa mashua na kutokea kwenye mto unaowarudisha nyuma mamilioni ya miaka. Wanapita nchi ya barafu na mamothi, kisha ya dinosaria, kisha misitu ya kinamasi iliyokuja kuwa makaa ya mawe, hadi ufuoni mwa bahari ya kale. Hapo Jirka, mdogo wao, anashika mkononi trilobiti aliye hai, mnyama aliyemjua kwa kisukuku tu.

Mwongozaji Karel Zeman hakuwa na kompyuta. Kinyago cha mnyama kilisogezwa kidogo, kikapigwa picha, kikasogezwa tena. Sekunde moja ya filamu hula picha 24. Maumbo ya wanyama yalifuata michoro ya Zdeněk Burian, naye Josef Augusta, mtaalamu wa visukuku, akawa mshauri wa sayansi. Baadhi ya mambo yamepitwa na wakati: leo tunajua dinosaria hawakuburuta mikia.

Tazama kwa makini sehemu ya stegosauri. Baada ya pambano, wavulana wanaukuta mzoga wake, wanaukaribia na kuupima, na kuandika kila kitu katika daftari la safari. Ni nadra filamu ya dinosaria kuheshimu kiasi hiki udadisi wa mtoto.

Toleo la Marekani la 1966 lilibandikwa mwanzo mwingine, katika makumbusho ya New York. Toleo halisi lilikarabatiwa 2019. Tafuta hilo, ulitazame pamoja na watoto.