UZI: Bunduki ni ya polisi peke yake?

1/ Siasa zikipamba moto, hili swali halikosi: raia wa Turkana anyang'anywe bunduki ama aachiwe? Mimi ni wa Kalemng'orok, barabara ya Kitale kwenda Lodwar. Tuanze na historia, kelele baadaye.

2/ Sheria ya Bunduki, Sura ya 114: polisi hubeba ya serikali akiwa kazini, raia lazima awe na cheti. Mchunga mbuzi mwenye AK bila cheti ni mhalifu, hata kama analinda mifugo yake tu.

3/ Katikati kuna KPR, polisi wa akiba: raia aliyepewa bunduki ya serikali alinde kijiji, kwa miaka mingi bila mshahara. 2019 wengi walinyang'anywa. Baadaye serikali ikaanza kuwapa watu silaha tena.

4/ Si mara ya kwanza. Baada ya vita vya Labur, 1918, Waingereza waliwapokonya Waturkana bunduki. Majirani wa upande wa Ethiopia wakabaki na zao, wakatuvamia. 1979 Amin alipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto likavunjwa, bunduki zikajaa Karamoja mpaka kwetu.

5/ Kwa hivyo mtu akisema "wapokonywe wote," muulize: jirani naye anapokonywa siku hiyo hiyo? Tukipiga simu usiku, polisi watafika saa ngapi?

Mimi sitaki bunduki nyumbani. Lakini pia sitaki tuwe sisi peke yetu tulioiweka chini.