Upinde Hauwekwi Rehani: Wahadzabe, Uhuru na Swali la Serikali

Ukiteremka kutoka Karatu mjini kuelekea Mang'ola, mashamba ya Wairaqw yanabaki nyuma kwenye nyanda za juu, joto linapanda, na mbele yako linafunguka bonde la Ziwa Eyasi. Huku ndiko waliko Wahadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma ubuyu na kurina asali. Hawana mtemi, wala hadithi ya mtemi aliyewahi kuwatawala. Kambi moja huwa na watu wapatao 30. Aliyeudhiwa hana haja ya kwenda barazani. Hubeba upinde wake, na kesho utamkuta kambi nyingine.

Mwanaanthropolojia James Woodburn wa Uingereza aliwafikia mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1982 aliandika makala mashuhuri juu ya jamii zisizo na mkubwa wala mdogo. Alitaja jambo ambalo kila Mhadzabe analijua: mwanamume yeyote ana mishale, na mishale mingine imepakwa sumu iliyopikwa kutokana na utomvu wa mmea uitwao panjube. Hata mwenye misuli mikubwa hulala usingizi. Basi nani atathubutu kujifanya bwana wa wenzake?

Nilipoisoma hoja hiyo nilimkumbuka Thomas Hobbes. Alichapisha kitabu chake, Leviathan, mwaka 1651, miaka miwili baada ya Waingereza kumkata kichwa mfalme wao. Naye alianza papo hapo: mnyonge anaweza kumuua mwenye nguvu, kwa hila au kwa kuungana na wenzake. Kutokana na hofu hiyo akahitimisha kwamba watu lazima wamkabidhi mtawala mmoja nguvu zao zote, la sivyo wataangamizana. Wahadzabe walikuwa na hofu hiyohiyo mikononi mwao, wakahitimisha kinyume: kwa kuwa yeyote anaweza kuua, pasiwe na wa kuamrisha. Hobbes hakuwahi kudhani kwamba njia hiyo ipo.

Lakini hofu peke yake haijengi jamii. Tazama mchezo wao wa kamari uitwao lukuchuko. Wanaume hukaa chini ya mti, kila mmoja na kipande chake cha gome. Vipande hukusanywa pamoja, hurushwa kwenye shina, kisha vichwa vyote huinama kutazama vimeangukia upande gani, wa gamba au wa ndani. Kinachowekwa rehani ni mishale yenye ncha za chuma, visu, shoka. Mwenye mali nyingi leo anaweza kuamka kesho hana kitu, wala hakuna anayeona ajabu. Hata hivyo upinde hauwekwi rehani, wala mishale ya kuwindia ndege, wala mkoba wa ngozi. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kupoteza kila kitu isipokuwa uwezo wa kujilisha. Asiyeweza kunyimwa chakula hawezi kufanywa mtumwa wa mtu. Sijaona katiba iliyosema hilo waziwazi namna hii.

Nisiwapambe kupita kiasi. Baadhi ya nyama za mnyama mkubwa, ziitwazo epeme, huliwa na wanaume waliokwisha kupewa daraja liitwalo pia epeme, na wanawake na vijana hawazigusi. Hata huku kuna mipaka ambayo si kila mtu aliulizwa kuihusu.

Mwaka 1755 Jean-Jacques Rousseau aliandika kwamba jamii ya kiraia ilianzishwa na mtu wa kwanza aliyezungushia kiwanja uzio na kukiita chake. Eyasi uzio ulifika kwa sura ya mashamba ya vitunguu Mang'ola, na mifugo ya Wadatoga kwenye visima na malisho. Uhuru wa kuhama hudumu maadamu pana pa kuhamia. Pori lilipopungua, desturi iliyomzuia jirani asijifanye bwana haikuweza kumzuia mgeni asiyeijua. Serikali nayo, katika miaka ya 1960, ilijaribu kuwakalisha vijijini katika bonde la Yaeda. Wengi walirudi porini.

Mwaka 2011, upande wa Mbulu, Wahadzabe wa Yaeda Chini walipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa zaidi ya hekta 20,000, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Ilihitaji mikutano ya kijiji, ramani, mipaka na sahihi. Watu wasio na mtawala waliulinda uhuru wao kwa karatasi ya serikali. Hapo nasadiki kwamba serikali inahitajika, ila si kwa sababu aliyoitoa Hobbes. Wahadzabe hawakuwa wakiangamizana. Walikuwa wakinyang'anywa.

Panda sasa hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, uone upande wa pili wa serikali. Mwaka 1959 eneo hili lilitengwa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na wafugaji wa Kimaasai waliotoka Serengeti wakaahidiwa na Gavana Richard Turnbull kwamba masilahi ya watu yangetangulia yakigongana na ya wanyama. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku. Mwaka 2022 familia zikaanza kuhamishiwa Msomera, Handeni. Agosti 2024 tangazo la serikali likafuta vijiji vya eneo hilo. Maelfu ya Wamaasai wakasimama barabarani, na tarehe 22 mwezi huo Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha tangazo hilo. John Locke aliweka idhini ya wanaotawaliwa kuwa msingi wa utawala halali. Wale waliosimama barabarani walidai hilo bila kumtaja Locke.

Serikali isiyofungwa na ahadi yake humrudisha raia kwenye woga uleule iliyoundwa kuuondoa. Huo ndio msimamo wangu.

Walioisikia ahadi ya 1959 kwa masikio yao wamebaki wachache. Walimu wa Historia na Uraia wa Karatu na Ngorongoro, waiteni wazee hao darasani mwaka huu, na pamoja nao Mhadzabe mmoja aje aeleze kwa kinywa chake kwa nini upinde hauwekwi rehani.