Jina Nyuma ya Ubao

Mtoto wa Kisomali hapa Garissa, hata kabla hajajua herufi, hufundishwa kutaja mababu. Husimamishwa mbele ya wageni, chai ya maziwa ikipoa, akaanza na jina lake, la baba, la babu, akapanda hivyo hadi kumi, kumi na tano. Akiruka mmoja, kuna mzee wa kumrudisha nyuma. Hiyo ndiyo abtirsi. Asiye na orodha hiyo huulizwa, kwa upole usio upole: “Wewe hasa ni wa nani?”

Swali hilo ndilo lililonijia nilipofuatilia maisha ya Lubaina Himid, msanii na mwalimu wa sanaa aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954. Alikuwa na umri wa miezi minne baba yake alipofariki kwa malaria. Mama yake, Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, akambeba na kurudi naye kwao. Mtoto akakulia Uingereza na jina la pwani na uso ambao kila mtu aliuuliza umetoka wapi.

Alisomea ubunifu wa jukwaa la tamthilia katika chuo cha sanaa cha Wimbledon, akahitimu 1976. Elimu hiyo haijamtoka. Watu anaowachora aghalabu hawatundikwi ukutani. Hukatwa kwenye mbao wakasimama sakafuni, nawe ukapita katikati yao kama uliyeingia harusini bila mwaliko. Baadaye, mwaka 1984, akamaliza shahada ya pili Royal College of Art, London, safari hii katika historia ya utamaduni.

Kabla hajasifiwa kwa kazi zake mwenyewe, alijulikana kwa kuwatafutia wenzake nafasi. Mwaka 1985 aliandaa maonyesho ya wanawake 11 weusi na wenye asili ya Asia katika ukumbi wa sanaa wa ICA mjini London, akayaita The Thin Black Line, yaani mstari mwembamba mweusi. Kazi hizo zilitundikwa kwenye korido. Jina lenyewe lilikuwa limeshasema. Mwaka uliofuata akachukua picha ya William Hogarth, mchoraji Mwingereza wa karne ya 18, akaijenga upya kwa mbao na magazeti, akamtia ndani Margaret Thatcher na Ronald Reagan. Kwa Hogarth, watumishi weusi walikuwa pembeni, mmoja akihudumia vinywaji. Himid akamleta mwanamke mweusi mbele, na safari hii yeye ndiye msanii.

Darasani pia alikuwa mtu huyohuyo. Kwa miongo kadhaa alifundisha Preston, kaskazini mwa Uingereza, akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Central Lancashire, na huko akaongoza mradi wa kuiweka wazi michango ya watu weusi katika sanaa. Kwangu mimi, somo lake ni moja tu, iwe kwa brashi au kwa chaki: ukiona picha ya tajiri, mtazame aliyeshika trei.

Kazi inayonifanya nimwandikie msomaji wa Garissa ni ya mwaka 2004, Naming the Money. Ni watu 100 wa mbao, kimo cha binadamu, rangi zikiwaka: wapiga ngoma, washona viatu, wafinyanzi, waganga wa mitishamba, wachora ramani, wafunza mbwa, kumi kwa kila kazi. Wote ni watumwa katika kasri za Ulaya. Ukizunguka nyuma ya kila mmoja unakuta karatasi ya hesabu, kama stakabadhi ya dukani. Imeandikwa jina lake la kwao, jina alilopachikwa na bwana, kazi aliyoifanya zamani, kazi anayolazimishwa sasa, na mwisho kitu kimoja alichobaki nacho. Kwenye sanaa ya dhana, wazo ndilo kazi yenyewe. Mbao ni chombo tu. Hapa wazo limebanwa katika mistari michache, tena upande ambao mtu mvivu hafiki.

Watu wa kanga wangemwelewa upesi. Kanga ina pindo, ina mji, na yale maandishi tunayaita jina. Himid naye amechora mfululizo mzima kwa mpangilio huo, maneno yake yakikaa palepale jina linapokaa. Sifa zenyewe zilichelewa: Tuzo ya Turner, ya sanaa ya Uingereza, ilimfikia mwaka 2017, akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Mwaka huohuo ndipo waandaaji walipoondoa sharti kwamba mshindani awe chini ya miaka 50. Alikuwa akifanya kazi ileile muda wote huo.

Sasa rudi kwetu. Katika karne ya 19 Wazigua, Wayao, Wamakua na wengine walipakiwa majahazini, wengi kupitia Zanzibar, wakauzwa pwani ya Benadir, kusini mwa Somalia. Waliotoroka walijificha misituni kando ya Mto Juba, wakalima, na baadhi ya wajukuu wao wakaendelea kusema Kizigua. Vita vya Somalia vya 1991 viliwasukuma hadi Dadaab, kambi za Ifo, Hagadera na Dagahaley, katika kaunti hii hii yetu. Hapo wakapewa na mashirika jina jipya, Wabantu wa Somalia, ambalo wazee wao hawakuwahi kulisikia. Marekani ilipokubali kuwachukua, takriban 12,000 walisafirishwa kwa mabasi hadi kambi ya Kakuma, Turkana, mwaka 2002 ili wahojiwe.

Mbele ya kila familia kulikuwa na meza na fomu. Jina. Jina la baba. Jina la babu. Kabila. Kazi ya zamani. Huku Himid naye, kule kaskazini mwa Uingereza, akielekea kuwasimamisha watu wake 100, kila mmoja na karatasi yake mgongoni.