Mwajiri Alivyogeuzwa Mlinzi wa Mpaka: Historia ya Uhakiki wa Vibali vya Kazi Marekani

Kwa zaidi ya miaka 30 sheria ya Marekani ilikataza kumficha mgeni aliyeingia nchini bila ruhusa, lakini haikukataza kumpa kazi. Sheria ya mwaka 1952 ilitamka wazi kwamba kumwajiri mtu wa namna hiyo hakuhesabiki kuwa ni kumficha. Kifungu hicho kikapewa jina la jimbo la Texas, kwa kuwa kiliingizwa kwa shinikizo la wakulima wakubwa wa huko waliotegemea vibarua wa Kimeksiko. Kibarua akikamatwa shambani alirudishwa kwao, na mwenye shamba akabaki na mavuno yake. Msimu uliofuata aliajiri wengine.

Njia halali nayo ilikuwapo. Mpango wa mikataba ya muda ulioitwa bracero, ulioanzishwa 1942 wakati wa vita, ulitoa mikataba zaidi ya milioni 4 kabla ya kufungwa mwaka 1964. Mwaka uliofuata sheria mpya ya uhamiaji ikaweka, kwa mara ya kwanza, kikomo cha idadi ya wahamiaji kutoka nchi za bara la Amerika. Mashamba yalibaki pale pale na haja ya wavunaji haikupungua. Watu waliozoea kuvuka mpaka wakiwa na mkataba mkononi wakaendelea kuvuka bila mkataba, na kufikia miaka ya 1970 wanasiasa walianza kuhoji kwa nini adhabu imwangukie mwenye shida ya kazi peke yake.

Jimbo la California lilitangulia mwaka 1971 kwa sheria ya kumtoza faini mwajiri, na Mahakama ya Juu ikaridhia mwaka 1976 kwamba majimbo yana haki ya kutunga sheria kama hiyo. Katika Kongresi, mbunge Peter Rodino wa New Jersey alipitisha miswada ya aina hiyo katika Baraza la Wawakilishi mwaka 1972 na 1973. Yote ilifia Seneti, ambako kamati ya sheria iliongozwa na James Eastland wa Mississippi, mwenyewe mmiliki wa shamba kubwa la pamba. Hapo palionekana mapema jambo ambalo lingejirudia kwa nusu karne: wengi walikubali kwamba ajira ndiyo inayowavuta wahamiaji, lakini wachache walikuwa tayari kuona waajiri wa majimboni kwao wakiadhibiwa.

Tume iliyoongozwa na padri Theodore Hesburgh ilipendekeza mwaka 1981 mambo mawili kwa pamoja: waajiri waadhibiwe, na wahamiaji waliokwisha kuota mizizi wahalalishwe. Mabishano yaliendelea miaka mingine mitano. Kilichowashinda watunga sheria kilikuwa kitambulisho. Marekani haikuwa na kitambulisho cha taifa, na pendekezo lolote la kukianzisha lilipingwa na watetezi wa uhuru wa raia pamoja na wahafidhina walioogopa serikali yenye macho kila mahali. Sheria iliyosainiwa na Rais Ronald Reagan tarehe 6 Novemba 1986 ilimtaka mwajiri amtambue mtu katika nchi ambayo haikutaka kuwa na chombo cha kumtambulisha.

Kila aliyeajiriwa baada ya siku hiyo, awe raia wa kuzaliwa au mgeni, alitakiwa kujaza Fomu I-9. Ndani ya siku 3 za kazi alimwonyesha mwajiri hati za kuthibitisha yeye ni nani na kwamba ana ruhusa ya kufanya kazi: pasipoti, au kadi ya ukaazi, au leseni ya udereva pamoja na kadi ya Hifadhi ya Jamii. Mwajiri hakutakiwa kuwa mtaalamu wa kung'amua hati za kughushi. Ilitosha hati hizo zionekane kuwa za kweli. Faini ilianzia dola 250 hadi 2,000 kwa kila mfanyakazi, na kufika 10,000 kwa mwenye kurudia kosa, lakini kwanza serikali ilipaswa kuthibitisha kwamba mwajiri alijua. Kwa upande wa pili wa mapatano, watu wapatao milioni 2.7 walipata ukaazi halali.

Mfumo huo ulileta matokeo matatu haraka. La kwanza lilikuwa soko la makaratasi: kadi bandia za ukaazi na za Hifadhi ya Jamii zikawa zinauzwa mitaani Los Angeles na miji mingine. La pili, mashamba na kampuni za usafi zilizidi kuwatumia madalali wa kazi, ili jina la mwajiri lisomeke kuwa la dalali na hatari ibaki kwake. Dalali naye alikata sehemu ya ujira ule ule mdogo.

La tatu ndilo lililowaumiza watu ambao sheria haikuwalenga kabisa. Kongresi yenyewe ilikuwa imeiagiza ofisi yake ya ukaguzi ichunguze kama adhabu hizo zingezaa ubaguzi, na ripoti ya Machi 1990 ilijibu kwamba ndivyo ilivyokuwa. Katika kundi la waajiri milioni 4.6 waliowakilishwa na utafiti huo, takriban 461,000, yaani asilimia 10, walikiri kuwa baada ya sheria walianza kuwabagua waombaji kazi kwa sura au lafudhi ya kigeni. Mwajiri mwenye hofu ya faini alichagua njia fupi ya kumkataa kila aliyefanana na mgeni, hata kama babu yake alizaliwa Texas. Gharama hii haikuandikwa katika kitabu chochote cha hesabu za serikali, na ndiyo inayopaswa kutangulia katika hesabu yoyote ya haki.

Vyama vya wafanyakazi, vilivyounga mkono sheria ya 1986 kwa matumaini ya kulinda mishahara, vilibadili msimamo. Shirikisho lao kuu, AFL-CIO, mwezi Februari 2000 lilitaka adhabu hizo zifutwe, baada ya kushuhudia waajiri wakikumbuka kukagua hati siku ile tu wafanyakazi walipoanza kujiunga na chama. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Hoffman Plastic kwamba mfanyakazi asiye na kibali aliyefukuzwa kwa kutetea chama hana haki ya kulipwa mishahara aliyoikosa. Hivyo mwajiri aliyevunja sheria mbili, ya uhamiaji na ya kazi, alipunguziwa gharama ya kuvunja ile ya pili.

Usimamizi nao ulidhoofika. Notisi za kusudio la kutoza faini waajiri zilizotolewa na serikali kuu zilikuwa 417 mwaka 1999. Mwaka 2004 zilikuwa 3. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 maofisa walihamishiwa kulinda viwanja vya ndege na vinu vya nyuklia, na mashamba na machinjio yakaachwa.

Wakati huo kompyuta ilikuwa imeingia. Tume iliyoongozwa na Barbara Jordan, mbunge wa zamani kutoka Texas, ilipendekeza mwaka 1994 kwamba jina na namba ya Hifadhi ya Jamii ya kila mwajiriwa vilinganishwe na kumbukumbu za serikali. Sheria ya 1996 ikaanzisha majaribio katika majimbo matano kuanzia 1997, na mwaka 2007 mfumo huo ukapewa jina la E-Verify. Mwajiri huingiza taarifa za Fomu I-9 kwenye mtandao, nazo hulinganishwa na kumbukumbu za Hifadhi ya Jamii na za Idara ya Usalama wa Ndani. Zisipooana, mfanyakazi hupewa siku 8 za kazi kuanza kulalamika, na sheria inakataza asifukuzwe kabla ya jibu la mwisho.

Udhaifu wa mfumo huo ulionekana wazi tarehe 12 Desemba 2006. Maofisa walivamia viwanda sita vya nyama vya kampuni ya Swift, kuanzia Greeley, Colorado, hadi Worthington, Minnesota, wakakamata karibu watu 1,300. Swift ilikuwa katika mfumo wa majaribio tangu 1997. Wengi wa waliokamatwa walitumia majina na namba za watu halisi, na kompyuta ilipoulizwa kama mtu huyo ana haki ya kufanya kazi ilijibu ndiyo, kwa kuwa mwenye jina alikuwa nayo. Miaka michache kabla, kampuni hiyo hiyo ilishtakiwa na serikali kwa kuwachunguza kupita kiasi waombaji kazi walioonekana wageni. Nafasi zilizoachwa wazi Greeley na Grand Island, Nebraska, zilijazwa kwa sehemu na wakimbizi wa Kisomali wenye vibali kamili, baadhi yao wakiwa wamepitia kambi za Kenya. Ramadhani ya 2008 ikazuka migogoro kuhusu muda wa kufuturu na kuswali, na baadhi yao wakapoteza kazi.

Mei 2008 ilifuata zamu ya Postville, mji mdogo wa Iowa, ambako watu 389 walikamatwa katika kiwanda kimoja cha nyama na wengi wao kufungwa miezi mitano kwa kutumia namba zisizo zao. Kabla mwaka haujaisha kiwanda kilikuwa kimefilisika, na mji wenyewe ukabaki na nyumba tupu. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu iliamua kwamba kosa kubwa zaidi la wizi wa utambulisho linahitaji ushahidi kuwa mtuhumiwa alijua namba hiyo ni ya mtu halisi. Kwa waliokwisha kutumikia kifungo, uamuzi huo ulichelewa.

Tathmini iliyofanywa na kampuni ya utafiti ya Westat kwa niaba ya serikali, iliyotoka 2009, ilikadiria kwamba zaidi ya nusu ya wasio na vibali waliopitishwa E-Verify, takriban asilimia 54, walipata jibu la kukubaliwa. Makosa dhidi ya wenye haki yalikuwa machache, chini ya mmoja kwa kila 100, lakini hayakugawanyika sawa: yaliwapata zaidi wazaliwa wa nje, raia wapya ambao kumbukumbu zao hazijarekebishwa, na wanawake waliobadili jina la ukoo baada ya ndoa.

Arizona ndiyo iliyotoa jaribio kubwa la kwanza. Sheria iliyosainiwa 2007 na gavana Janet Napolitano ilimlazimisha kila mwajiri kutumia E-Verify kuanzia Januari 2008. Aliyekutwa na kosa mara ya pili angefutiwa leseni ya biashara. Mahakama ya Juu iliiridhia mwaka 2011. Watafiti wa taasisi ya sera za umma ya California walilinganisha Arizona na majimbo yanayofanana nayo, ili kutenganisha sheria na mdororo wa uchumi, wakakadiria kwamba watu wenye asili ya Kihispania wasio raia walipungua kwa watu 92,000 hivi. Hilo ni tokeo la kweli, na anayesema uhakiki haufanyi kazi lazima alijibu. Watafiti hao hao waliona pia kwamba waliobaki walihamia kwenye kujiajiri, kazi zisizo na bima wala makato, na hawakuona nafuu kwa wafanyakazi halali wa elimu ndogo ambao sheria ilidai kuwalinda. Uchunguzi wa wanauchumi wengine katika majimbo kadhaa uliona nafuu kiasi kwa Wamarekani wenye asili ya Kihispania, huku ujira wa wanaume wa Kimeksiko wasio na vibali ukishuka.

Upande wa kodi, wengi waliandikishwa na kukatwa michango wasiyoweza kuidai. Wakadiriaji wa Hifadhi ya Jamii walihesabu kwamba mwaka 2010 wafanyakazi wasio na vibali na waajiri wao walichangia takriban dola bilioni 13, na mafao yaliyorudi kwao yalikuwa kama bilioni 1. Ndiyo maana mwaka 2008 ofisi ya bajeti ya Kongresi ilionya kuwa muswada wa kulazimisha uhakiki nchi nzima ungepunguza mapato kwa dola bilioni 17.3 katika miaka 10: watu wangeendelea kufanya kazi, ila malipo yangepitia mkononi.

Seneti ilipitisha uhakiki wa lazima mwaka 2013 kwa kura 68 dhidi ya 32, ukiambatana na uhalalishaji. Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura. Majimbo yakaendelea kila moja kivyake. Georgia ilipotunga sheria yake 2011, wakulima wa vitunguu na matunda walilalamika kukosa wavunaji, hata gavana Nathan Deal akapendekeza waliohukumiwa vifungo vya nje wapelekwe mashambani. North Carolina iliwasamehe vibarua wa muda mfupi, ambao ndio wengi mashambani. Florida, tangu Julai 2023, inawalazimisha waajiri binafsi wenye wafanyakazi 25 au zaidi. Mwenye 24 hatakiwi kuuliza kompyuta chochote.