Kyaka, Mlango wa Mto Kagera

Wengi wetu tupitapo Kyaka na magunia ya kahawa huwaza bei tu. Hata hivyo, mahali hapa pana habari yake, nayo yatuhusu sana sisi wakulima.

Mkataba wa Wajerumani na Waingereza wa mwaka 1890 ulipiga mpaka juu ya ramani, digrii moja kusini ya Ikweta, pasipo kuujali mto. Kwa hiyo ardhi ya Missenyi iliyo kaskazini ya Kagera ikawa ng'ambo ya maji, lakini ndani ya mpaka wetu. Vita vilipozuka mwaka 1914, Wajerumani waliweka ngome Kyaka kuwazuia Waingereza wa Uganda. Waingereza nao wakapita ziwani, wakaiteka Bukoba mwezi Juni, 1915, wakauvunja mtambo wa simu ya upepo, kisha wakarudi.

Msiba mkubwa ulikuja baadaye. Mwishoni mwa Oktoba, 1978, majeshi ya Idi Amin yaliingia Missenyi, yakaua raia na kuswaga ng'ombe. Ndege zake zilishindwa kulivunja daraja la Kyaka. Likalipuliwa kwa baruti tarehe 3 Novemba. Aliyechelewa kuvuka alijificha porini, na kahawa yake ikabaki mtini.

Askari wetu walitandika daraja la muda mwezi ule ule, na adui akafukuzwa. Magofu ya kanisa lililopigwa mabomu yangali kilimani. Mwaka 1979 Mkoa wa Ziwa Magharibi ukapewa jina la mto: Kagera.