Dalali wa Ujira Nafuu: Mambo ya Kuzingatia Unapouza Nyumba Wilayani Ngara na Biharamulo

Kwa familia nyingi za Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, nyumba ndiyo mali kubwa kuliko zote zilizowahi kupatikana kwa jasho la miaka mingi. Inapofika siku ya kuiuza, iwe kwa sababu ya uhamisho wa kikazi, matibabu, ada za watoto au mgawanyo wa mirathi, muuzaji hutafuta mtu wa kumletea mnunuzi. Mara nyingi mtu huyo ni dalali, na dalali anayetaka ujira mdogo ndiye anayevutia zaidi. Makala haya yanaeleza kazi ya dalali wa namna hiyo, mipaka ya huduma yake, na wajibu wa kisheria ambao muuzaji hawezi kumwachia mtu mwingine.

Ujira ni makubaliano

Ujira wa dalali wa nyumba hutokana na makubaliano kati yake na mwenye mali. Wapo wanaotoza asilimia ya bei ya mauzo, wapo wanaotaka kiasi maalumu kisichobadilika, na wapo wanaochukua kinachoitwa mitaani “cha juu”, yaani mwenye nyumba hutaja bei yake na dalali hubaki na chochote kinachozidi.

Dalali wa ujira nafuu hupunguza malipo kwa sababu hupunguza pia kazi. Kwa kawaida hupiga picha za nyumba, huzisambaza kwa simu na katika makundi ya mitandao ya kijamii, na huwaonyesha wateja mahali ilipo. Majadiliano ya bei, uhakiki wa mnunuzi, uandishi wa mkataba, ufuatiliaji wa kodi na uhamisho wa miliki hubaki mikononi mwa muuzaji. Kwa hiyo swali la kwanza la muuzaji lisiwe “unachukua kiasi gani?” peke yake, bali pia “kwa kiasi hicho utafanya kazi ipi, na ipi itabaki kwangu?”

Hesabu rahisi inaweza kuonyesha tofauti. Tuseme nyumba ina thamani ya shilingi milioni 50. Dalali wa asilimia 5 atalipwa shilingi milioni 2.5, na wa asilimia 2 atalipwa shilingi milioni 1. Nyumba ikiuzwa kwa bei hiyohiyo, muuzaji aliyemtumia dalali nafuu ameokoa shilingi milioni 1.5. Lakini kama dalali huyo alimleta mteja wa kwanza aliyempata na nyumba ikauzwa shilingi milioni 46, muuzaji atabaki na shilingi milioni 45.08 baada ya kulipa ujira, badala ya shilingi milioni 47.5. Unafuu wa ujira umemgharimu zaidi ya shilingi milioni 2.4.

Utaratibu wa “cha juu” unahitaji tahadhari ya pekee. Muuzaji huona kwamba hatoi chochote mfukoni, ilhali hajui mnunuzi alitajiwa bei gani. Pia bei inayoandikwa katika mkataba huweza kutofautiana na fedha iliyolipwa kweli, jambo linaloleta utata wakati wa kukokotoa kodi au pale mgogoro unapozuka. Ni salama zaidi muuzaji na mnunuzi wakutane ana kwa ana, bei itajwe mbele ya wote, na ujira wa dalali ulipwe kando kwa risiti.

Dalali ni wakala, si mmiliki

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtambua wakala kuwa mtu anayetenda kwa niaba ya mwingine. Wakala ana wajibu wa kufuata maelekezo ya aliyemtuma, kufanya kazi kwa uangalifu na kutoa hesabu ya fedha alizopokea. Haruhusiwi kujinunulia mali kwa siri kwa kutumia jina la mtu mwingine bila mwenye mali kufahamu na kuridhia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Makubaliano na dalali yaandikwe, hata kama ni ya ukurasa mmoja na dalali ni jirani au ndugu. Karatasi hiyo itaje majina kamili ya pande zote, nyumba inayouzwa, bei ya chini inayokubalika, ujira na wakati wa kuulipa, kazi ambazo dalali atafanya, muda wa makubaliano, na kama muuzaji anaruhusiwa kutumia dalali mwingine au kumpata mnunuzi mwenyewe bila kulipa ujira. Ieleze pia kama dalali atatoza mnunuzi malipo yoyote, ikiwemo fedha ya kuonyeshwa nyumba.

Dalali anayefanya kazi hiyo kama biashara anapaswa kuwa na leseni ya biashara na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN). Aidha, Amri iliyotolewa mwaka 2025 chini ya Sheria ya Leseni za Biashara imeuweka udalali wa milki miongoni mwa biashara ambazo wasio raia hawaruhusiwi kuzifanya nchini. Kwa wilaya iliyo mpakani kama Ngara, muuzaji ana sababu ya kuomba kuona leseni na kitambulisho cha Taifa cha dalali kabla ya kumkabidhi kazi.

Jambo lisilo na mjadala ni kwamba hati halisi ya nyumba haiachwi kwa dalali. Mteja anayetaka kuiona aonyeshwe nakala, na hati yenyewe itolewe wakati wa kukamilisha mauzo. Vivyo hivyo, muuzaji anayeishi Mwanza, Dar es Salaam au kwingineko asitoe hati ya uwakilishi inayompa dalali mamlaka ya kuuza na kupokea fedha. Ni bora amteue mtu anayemwamini, asiye na maslahi katika ujira wa mauzo.

Kijijini na mjini taratibu hutofautiana

Nyumba iliyo katika kiwanja kilichopimwa na kumilikishwa, kwa mfano katika miji ya Ngara na Biharamulo, huongozwa na Sheria ya Ardhi, Sura ya 113. Mkataba wa kuhamisha miliki hiyo lazima uwe wa maandishi, na uhamisho hupitia ofisi za ardhi hadi kwa Msajili wa Hati. Muuzaji ahakikishe kodi ya pango la ardhi imelipwa na hakuna deni la benki wala zuio katika daftari la usajili. Mnunuzi makini naye ataomba upekuzi rasmi, hivyo ni vema muuzaji awe ameweka kumbukumbu zake sawa kabla ya kutangaza nyumba.

Nyumba iliyo katika ardhi ya kijiji huongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114. Hapa Halmashauri ya Kijiji ina nafasi ambayo dalali hawezi kuichukua, kwani uhamisho wa haki ya kimila huhitaji idhini yake. Tangu miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani imeamua kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yaliyofanyika bila idhini hiyo ni batili. Saini ya kiongozi mmoja mmoja, au ya balozi wa nyumba kumi, haitoshi kuwa idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Muuzaji aombe nakala ya muhtasari wa kikao kilichoridhia mauzo.

Katika vituo vinavyokua kandokando ya barabara kuu, kama vile Nyakanazi na Nyakahura wilayani Biharamulo, au Benaco na Kabanga wilayani Ngara, si rahisi kutambua kwa macho kama eneo limepimwa au bado ni ardhi ya kijiji. Jibu hupatikana katika Idara ya Ardhi ya Halmashauri ya Wilaya, na lipatikane kabla ya dalali kuanza kuitangaza nyumba.

Ridhaa ya mwenza na uraia wa mnunuzi

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi zinamlinda mwenza katika nyumba ya familia. Mume hawezi kuiuza bila ridhaa ya mke, wala mke bila ridhaa ya mume, hata kama hati imeandikwa jina la mmoja wao. Dalali anayemwambia muuzaji kwamba “jambo hilo litamalizwa baadaye” anamwingiza katika kesi. Ikiwa mali ni ya marehemu, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa wala kikao cha ukoo peke yake.

Wilaya ya Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na wakazi wa pande zote za mpaka wana undugu, lugha zinazokaribiana na biashara za kila siku kupitia Rusumo na Kabanga. Ujirani huo mwema haubadilishi sheria: asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi Tanzania isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji na kwa utaratibu maalumu. Mauzo ya nyumba ya kuishi kwa mtu asiye raia, au kwa raia aliyeazima jina lake tu, yanaweza kubatilishwa. Muuzaji aombe Namba ya Utambulisho wa Taifa ya mnunuzi na kuinukuu katika mkataba.

Kodi hubaki kuwa wajibu wa muuzaji

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, hutoza kodi kwenye faida inayotokana na mauzo ya ardhi na majengo. Kwa mkazi wa Tanzania kiwango kinachotozwa kwenye faida ni asilimia 10. Nyumba ya kuishi ambayo mmiliki ameimiliki kwa miaka 3 au zaidi na kuishi humo kwa jumla ya miaka 3 au zaidi husamehewa, mradi faida haizidi shilingi milioni 15. Faida ni tofauti kati ya bei ya kuuzia na gharama za kununua, kujenga na kuboresha. Kwa sababu hiyo, risiti za saruji, mabati, nondo na malipo ya fundi zina thamani hata baada ya miaka mingi, na risiti ya ujira wa dalali nayo itunzwe.

Mkataba wa mauzo hulipiwa pia ushuru wa stempu. Hati isiyolipiwa ushuru huo haiwezi kupokewa mahakamani kama ushahidi mpaka ilipiwe. Kwa kuwa viwango vya kodi huweza kurekebishwa kila mwaka kupitia Sheria ya Fedha, muuzaji athibitishe kiasi anachodaiwa katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ya wilaya yake. Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, wala si kwa fedha taslimu mkononi mwa dalali au mtumishi.

Mgogoro ukitokea

Dalali akikataa kurejesha fedha za mauzo, hatua ya kwanza ni madai ya maandishi yanayoambatana na makubaliano yaliyosainiwa. Palipo na dalili za udanganyifu au kughushi nyaraka, taarifa itolewe Polisi mapema. Mgogoro wa miliki hupelekwa katika mabaraza yaliyowekwa na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata limebaki na jukumu la kusuluhisha, na pande zisipopatana shauri huendelea katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwananchi asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wakiwemo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria hiyo.

Kumtumia dalali wa ujira nafuu si kosa. Kwa muuzaji anayeijua bei ya eneo lake, mwenye nyaraka kamili na muda wa kufuatilia mwenyewe ofisi za kijiji, ardhi na kodi, ni njia halali ya kupunguza gharama. Kwa muuzaji mzee, mgonjwa, mjane au aliye mbali na nyumba yake, sehemu ya fedha inayookolewa ni vema itumike kumlipa wakili aandae mkataba na kusimamia malipo kupitia benki. Wananchi wa Ngara na Biharamulo wanahimizwa kufika kwanza katika Idara ya Ardhi ya Halmashauri ya Wilaya kuhakiki hadhi ya nyumba zao, ndipo wazungumze na dalali.